Mazoezi ya Kiingereza napata alama zote, lakini barua zangu za kazi bado zinarudi na wino mwekundu

Mwalimu, shikamoo.

Nina umri wa miaka 29 na ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Kwa kuwa wateja wetu wengi wako nje ya nchi, sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikiandika barua pepe kwa Kiingereza. Kama wengi wa rika langu, shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na ukweli ni kwamba sekondari nilifaulu kwa kukariri zaidi kuliko kwa kuelewa. Nilipoanza kazi hii nilikionea aibu Kiingereza changu, nikanunua vitabu vya mazoezi ya sarufi, nikawa nafanya kila usiku baada ya kumlaza mtoto. Viwili nimeshavimaliza. Mazoezi ya kujaza nafasi napata alama zote au nakosa moja mbili, na kanuni za nyakati za vitenzi naweza kukueleza hata ukiniamsha usingizini.

Tatizo ni kwamba nikikaa kuandika barua ya kazi, yote hayo hunitoroka. Mkuu wangu huzipitia barua zangu kabla hazijatumwa, na hunirudishia zimejaa wino mwekundu, tena wakati mwingine mbele ya wenzangu, ambao hucheka. Nakunukulia sentensi tatu alizozikata mwezi uliopita: "I have sent the documents yesterday." "The container which we received it on Monday has some damages." "Please you send us the informations about the consignee."

Lakini lililoniuma zaidi ni la Sikukuu ya Idi, pale mkuu alipokuwa hayupo, nami nikamjibu mteja mmoja mwenyewe: "Our office has closed." Mteja alipiga simu kwa wasiwasi akiuliza sasa mzigo wake utashughulikiwa na nani. Wiki iliyofuata mwingine aliniuliza kwa simu, "Haven't you received our payment?" nami nikajibu "Yes", nikimaanisha kwamba hatujaipata, akakata simu akijua tumeipata.

Mwalimu, niendelee na kitabu cha tatu? Nijiunge na darasa la jioni, ambalo ada yake itanibana? Mwenzangu ananishauri niiachie kazi programu ya kusahihisha iliyomo kwenye simu. Au nimeshachelewa?

Karani, Tanga

Marahaba, binti yangu.

Hujachelewa, na kitabu cha tatu usinunue. Sentensi ulizoninukulia ni za mtu ambaye makosa yake yana sababu, na karibu sababu zote ni moja: unaandika maneno ya Kiingereza juu ya sarufi safi kabisa ya Kiswahili. Makosa ya namna hiyo huonekana mengi kwenye karatasi, lakini ukiyakusanya utakuta ni machache yanayojirudia, na hiyo ndiyo nafuu yako.

Ufahamu kwanza kwa nini vitabu vimekupa alama na visikupe uwezo. Zoezi lenye kichwa "Present Perfect" limeshakunong'oneza jibu kabla hujaanza. Kilichobaki ni kukumbuka umbo la kitenzi. Barua ya kazi haina kichwa cha namna hiyo. Unapoanza sentensi kuhusu nyaraka za mzigo, wewe ndiye wa kuamua kama ni "sent", "have sent" au "are sending", na uamuzi huo ndio ambao hukuwahi kuufanyia mazoezi. Umejizoeza kuunda maumbo, hukujizoeza kuchagua.

Tuanze na ile sentensi ya ofisi, maana ndiyo yenye mengi ya kusemwa. Kichwani mwako ulikuwa na "ofisi yetu imefungwa", na -me- ya hapo haisimulii tukio, inaeleza hali: mlango una kufuli, ndani hamna mtu. Kiswahili hukibebesha kiambishi hicho kazi mbili. Tunasema "kontena limefika", tukiwa na maana ya jambo lililotendeka ambalo matokeo yake yapo. Na tunasema pia "kontena limejaa", "dereva amelala", "mlinzi amesimama getini", "mteja amevaa koti jeusi", ambapo anayesikiliza hana haja ya kujua tendo lilifanyika lini, anataka kujua mambo yalivyo sasa. Kiingereza huzitenga kazi hizo. Ya kwanza ni "The container has arrived", na hapo "has" iko mahali pake. Ya pili hudai "is": "The container is full", "The driver is asleep", "The guard is standing at the gate", "The client is wearing a black coat". Ukiandika "The driver has slept" umesema kwamba dereva ameshapata usingizi wake na huenda sasa yu macho, yaani karibu kinyume cha ulichokusudia. Na "Our office has closed", ikisimama peke yake bila neno la kuifafanua, kwa urahisi husomeka kama habari ya ofisi iliyofungwa moja kwa moja, kwa hiyo mteja wako hakuwa na makosa kuingiwa na hofu. Ungeandika "Our office is closed for Eid and will reopen on Thursday", asingepiga simu.

Zoezi lake halimo katika kitabu chochote ulichonunua, nalo ni jepesi: andika orodha ya vitenzi vyenye -me- unavyovitamka kazini kila siku, imekwama, imeharibika, imepotea, imelipwa, wamechoka, wameondoka, imepakiwa, imekaa bandarini, kisha kila kimoja ukiulize kama kinasimulia tukio au kinaeleza hali. Vingine vitakujibu vyote viwili kutegemea unachotaka kusema, na hivyo ndivyo vya kukaa navyo zaidi. "Mzigo umepotea" unaweza kuwa "The cargo is missing" ikiwa unaeleza kwamba hauonekani, na "ankara imelipwa" ni "The invoice has been paid" ukitoa habari mpya, au "The invoice is paid" ukiitaja hali yake kwenye hesabu.

Kosa la "I have sent the documents yesterday" ni ndugu wa hilo. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawaoni taabu kusema "nimetuma jana", na ndiyo maana kalamu yako haikushtuka. Kiingereza hakikubali "have" iketi pamoja na neno linalotaja wakati uliokwisha kupita, kama "yesterday", "last week", "two days ago", "in 2019" au "at nine o'clock this morning" ikiwa sasa ni alasiri. Neno la namna hiyo likiwapo, andika "sent" na usisite. Likiwa halipo, au ukitumia neno linalofika hadi sasa, kama "already", "so far" au "this week" ambayo bado haijaisha, "have sent" inaruhusiwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna mahali mambo hugeuka: Kiswahili husema "nafanya kazi hapa tangu mwaka 2019" kwa -na- ya wakati uliopo, ilhali Kiingereza hudai "I have worked here since 2019" au "I have been working here since 2019". Kila unapoandika "since", rudi uangalie kitenzi kilichotangulia. Mara nyingi utakuta umeandika "am".

Sasa kontena lako la Jumatatu. "Which we received it" imetoka moja kwa moja katika "tulilolipokea", ambamo kiambishi cha mtendwa -li- kinakaa kwa raha pamoja na kirejeshi -lo-. Kwa Kiingereza "which" imeshalitaja kontena, na "it" ni kulitaja mara ya pili. Dawa yake ni kuunganisha sentensi mbili fupi kuwa moja, mara nyingi kadiri uwezavyo: "We received a container on Monday. It is damaged." inakuwa "The container we received on Monday is damaged." Fanya hivyo kwa mizigo halisi inayopita mezani kwako, na kila ukimaliza angalia kama kuna "it", "him" au "them" iliyobaki inaning'inia mwishoni mwa kishazi.

Neno "damages" linahitaji tahadhari ya pekee kwa mtu wa kazi yako. "Damage" kwa maana ya uharibifu haina wingi. Ikiwa na "s" huwa ni fidia inayodaiwa au kutolewa kisheria. Katika barua ya madai ya bima au ya mzigo ulioharibika, tofauti hiyo ni ya fedha. Neno "information" nalo halihesabiki, ingawa Kiswahili hutuzoesha kusema taarifa mbili, taarifa tatu bila shida, na pamoja nalo yako "advice", "equipment", "luggage", "machinery", "furniture" na "paperwork". Hapa hakuna mantiki ya kuitafuta. Ni orodha ya kukariri, na wewe kukariri hakukushindi.

Hukuniuliza habari za "a" na "the", lakini nina hakika mkuu wako huziongeza na kuzifuta kila siku, kwa sababu Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo na walimu wengi hutuambia kwamba hatuna pa kuanzia. Mimi sikubaliani nao. Linganisha "Umepokea fomu?" na "Umeipokea fomu?" Katika swali la pili wewe na unayemuuliza mnaijua fomu inayozungumzwa, na kilicholeta ujuzi huo ni kiambishi -i- peke yake. Swali la kwanza ni "Have you received a form?" na la pili ni "Have you received the form?" Hisia unayo tayari, ni suala la kuisikiliza kabla ya kuandika. Kipimo hiki ukitumie kwa vitu, usikitumie kwa watu, maana mtu hudai kiambishi hicho karibu kila mara, hata awe mtu usiyemjua: "nimemwona mtu mlangoni". Pale nomino inapokuwa mtenda wa sentensi, jiulize kama ungeweza kuiongezea "hiyo" au "ile" bila kubadili maana. Ikiwezekana, kwa kawaida ni "the". Na nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haiachwi uchi: "We received container" haiwezi kuwa sahihi, iwe kontena linajulikana au halijulikani.

"Please you send us" ni "tafadhali mtutumie", na kwa Kiswahili ina adabu tele kwa sababu ya ile -e ya mwisho. Kiingereza hakina hiyo -e, hivyo "you send us" husikika kama amri ya mtu aliyekasirika. Andika "Please send us" au, kwa mteja usiyemzoea, "Could you please send us". Na kwa kuwa tuko kwenye barua za ofisi, ukikuta kwenye jalada barua inayoanza "The heading above is concerned", usiiige. Hiyo ni "kichwa cha habari hapo juu chahusika" iliyohamishwa nzima nzima, na msomaji wa nje hajui aifanyie nini. Ingia kwenye jambo lenyewe: "I am writing about the container that arrived on Monday."

Lile la malipo ni dogo. Sisi tukiulizwa kwa ukanushi, "ndiyo" yetu humkubalia aliyeuliza. Waingereza hujibu kulingana na jambo lenyewe, wala hawajali swali liliulizwaje, kwa hiyo jambo likiwa halijafanyika jibu ni "No". Usijibu kwa neno moja. Sema "No, we haven't received it yet", na hapo hata ukikosea neno la kwanza, sentensi itakuokoa.

Baada ya hayo, mazoezi yenyewe. Mwanaisimu Pit Corder, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu makosa ya wanaojifunza lugha, alitenganisha kuteleza, ambako hata mzawa wa lugha huteleza akichoka, na kosa linaloonyesha kwamba kanuni yenyewe bado haijaingia kichwani. Unaweza kujipima. Barua isiyo ya haraka iache ilale, kesho yake uisome kwa sauti kabla ya kuipeleka kwa mkuu. Yale utakayoyaona na kuyarekebisha mwenyewe ni kuteleza, na dawa yake ni utulivu tu. Yale utakayoyapita bila kuyaona, kisha mkuu akayaona, ndiyo ya kuandika daftarini, kila sentensi ikiwa na umbo lake sahihi na, muhimu zaidi, sentensi ya Kiswahili iliyoizaa. Usiyapange kwa tarehe. Yapange kwa chanzo, -me- na -me-, kirejeshi na kirejeshi, na baada ya muda utaona kurasa mbili tatu zimejaa na nyingine zimebaki tupu. Zilizojaa ndizo za kushughulikia, nyingine ziache.

Kwa saa za usiku nakupa zoezi la zamani sana, la mwalimu Mwingereza Roger Ascham, ambaye alimfundisha Elizabeth kabla hajawa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na ambaye njia yake ilichapishwa mwaka 1570, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Mwanafunzi alichukua kifungu cha Kilatini kilichoandikwa vizuri, akakitafsiri kwa Kiingereza, akakiweka kando, kisha akakirudisha katika Kilatini bila kuangalia na kulinganisha alichoandika na kile cha mwenyewe. Wewe tumia barua ya mteja anayeandika Kiingereza kizuri na rahisi, si ya mwanasheria, uondoe majina na tarakimu za siri, uifasiri kwa Kiswahili cha kawaida unachozungumza, kisha uifiche siku mbili au tatu. Ukiirudisha katika Kiingereza, mahali utakapotofautiana na ile ya asili ndipo Kiswahili kilipokuvuta. Si kila tofauti ni kosa, maana jambo moja husemwa kwa namna nyingi, lakini utaona mwenyewe pale alipoandika "is" nawe ukaandika "has". Aya moja ya mistari sita inatosha kwa usiku mmoja, hasa mtoto akiwa amechelewa kulala.

Programu ya kusahihisha sikukatazi, ila itakuangusha mahali pale pale unapoihitaji. "Our office has closed" haina kosa hata moja la sarufi, na programu inayokagua sarufi peke yake itaipitisha bila neno, kwa sababu haijui kwamba ni sikukuu na kwamba mtarudi Alhamisi. Tena ukiizoea kuandika kwa niaba yako, siku ya simu au ya mkutano itakuacha mikono mitupu. Andika kwanza mwenyewe, soma kwa sauti, sahihisha unachokiona, kisha ndipo uiendee, na ukiwa na nafasi ya kuchagua, iambie ikuonyeshe mahali penye kosa bila kukupa sentensi mpya. Inachokubadilishia usikikubali kabla hujaweza kujieleza sababu yake.

Kuhusu darasa la jioni, kabla ya kulipa muulize mwalimu ni maandishi mangapi ya kila mwanafunzi anayoyasoma na kuyarudisha yakiwa na maelezo kwa mwezi. Akikuambia kwamba watu hujaza nafasi ubaoni kwa pamoja, tunza fedha yako, kwa kuwa hilo umeshalifanya nyumbani bure. Akiwa anasoma maandishi ya mtu mmoja mmoja, hata kama ni mara mbili tu kwa mwezi, ada hiyo ina thamani.

Amebaki mkuu wako. Anakukosea kwa kukusahihisha hadharani, lakini kwa upande mwingine anakupa bure kitu ambacho watu hulipia, yaani jicho la mtu anayejua kazi na kujua mteja alikusudiwa kuelewa nini. Mwombe faraghani, si siku ya barua ya haraka, na umwombe mambo mawili kwa pamoja: akurudishie barua mkononi badala ya mezani mbele ya watu, na asiandike sentensi sahihi bali apige mstari tu chini ya kosa, kisha umrejeshee marekebisho siku hiyo hiyo. Mweleze kwamba hilo litampunguzia kazi ya kuandika, na kwamba barua za haraka anaweza kuendelea kuzimalizia mwenyewe. Wenzako watakosa cha kuchekea barua zikiacha kupita mikononi mwao, na wewe utakuwa na mistari mitupu ya kuijaza daftarini, safari hii bila kichwa cha zoezi kinachokupa jibu.